Hali ya Jengo (Weka Alama Moja Tu)

Barua imetoka Jiji siku ya Alhamisi:
nyumba kumi na moja zifunguliwe.
Miaka saba zimekaa na X nyekundu kifuani.
Mnada wa kwanza dalali alikuja na kengele,
mnada wa pili dalali alikuja bila kengele,
mnada wa tatu ikaja mvua.

Nimetumwa mimi, Ambakisye Mwazembe,
mthamini daraja la pili,
na tepu ya mita thelathini iliyokatikia ishirini na sita,
na fomu yenye visanduku vitatu:
nzuri, wastani, mbovu.

Tulianza Itiji, ukungu bado umelala Loleza.
Mwenyekiti wa mtaa kavaa koti la marehemu kaka yake,
funguo kazifunga kwa kamba ya katani,
anaziburuza kama mbuzi asiyetaka mnadani.
Nyumba ya kwanza haikuwa na mlango wa kufungua.
Ya pili haikuwa na nyumba:
msingi tu, na katikati ya sebule mparachichi,
umezaa mpaka matawi yameinama,
haujawahi kusikia habari za deni.
Nikaandika mbovu. Nikafuta.
Ya tatu niliipita haraka, kuna mbwa.

Ya nne ni ya marehemu Mwalyego, fundi saa.
Deni lake lilianza elfu thelathini na sita.
Likazaa riba, riba ikazaa faini,
faini ikapandisha ghorofa juu ya bati,
ghorofa juu ya ghorofa,
hata anayeitaka nyumba akiinua macho
anaona deni tu, nyumba haionekani.
Kule chini vilibaki vyumba vitatu vya tofali za kuchoma.

Nilitegemea popo.
Nikakuta sakafu imepigwa deki,
na ndoo ya rangi, ya lita ishirini,
imetegwa sawasawa chini ya tundu la bati,
nusu maji, mvua ya jana.
Nani anaingia humu?
Mwenyekiti akatazama viatu vyake.
Nyumba hii imefungwa, akasema. Imefungwa kabisa.

"Ni mimi,"
sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta,
kisha mwenyewe akatokea, Tupokigwe,
unga mpaka viwikoni.
"Napita dirisha la uani.
Machi naamka mara tatu usiku kumwaga ndoo.
Ukuta ni mmoja, mthamini.
Ukilowa huko, huku wanangu wanakohoa.
Na usije ukaniandikia kodi ya ndoo."

Nikapima ukuta. Unyevu ulifika kiunoni.
Kwa upande wake ulifika magotini.
Fomu haina mahali pa kuandika
sentimita arobaini na mbili za mtu kuamka usiku.

Saa tano akafika mrithi, Subilaga, kutoka Tunduma,
risiti za baba yake ndani ya mfuko wa sukari,
nyingine wino umeruka, zimebaki karatasi za waridi.
Nikamsomea barua: deni limefutwa,
mmiliki aruhusiwe kuchukua mali yake.
Hakuvuka kizingiti.
"Mmenisamehe," akasema.
"Mmenisamehe kabla bati halijaoza, au baada?"

Nilitaka kusema mimi ni wa tepu tu.
Nililisema. Lilisikika vibaya humo ndani,
chumba kitupu hurudisha neno
likiwa limevuliwa nguo.

Mvua ikaanza, ile nyembamba ya kwetu,
isiyopiga hodi.
Tone likagonga ndoo. Jingine.
Wanawake wawili wasiojuana wakageuka pamoja kuitazama,
na Tupokigwe akaisogeza kwa mguu, kidole kimoja kushoto,
kama mtu anayejua.

Nikaweka alama yangu juu ya mstari wenyewe,
kati ya wastani na mbovu.
Ofisini watasema kalamu iliteleza.

Zimebaki nyumba saba.
Tepu imelowa, hairudi vizuri ndani.